Mume wangu amenilipia kibanda cha kushonea, lakini mimi sishoni ili niuze

Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 38, na mchana hufanya kazi ya ukarani wa kumbukumbu katika kituo kimoja cha afya. Jambo linalonifanya nikuandikie huenda likawachekesha baadhi ya wasomaji wako, lakini kwangu limekuwa zito. Ninapenda kushona mavazi ya zamani, yale yaliyovaliwa miaka mia moja na zaidi iliyopita, na mapenzi hayo yamenifikisha mahali ambapo siwezi kumtazama mume wangu machoni.

Yalianza mwaka wa 2019, binti yangu mkubwa alipopewa nafasi katika mchezo wa shule uliohusu kufika kwa reli hapa mjini mnamo Desemba 1901, wakati ambapo mahali hapa paliitwa Port Florence. Yeye aliigiza mke wa mhandisi, na kila mzazi aliombwa amtafutie mwanawe vazi. Nilikwenda soko la Kibuye nikanunua gauni refu la mtumba, nikalitia lesi shingoni na zipu mgongoni, nikajiona hodari. Mwalimu wa historia aliligeuzageuza, kisha akaniambia kwa upole kwamba zipu za namna hiyo zilibuniwa mwaka wa 1913 na hazikuzoeleka katika magauni ya wanawake hadi miaka ya 1930. Niliona haya. Hata hivyo, usiku ule sikupata usingizi, maana swali moja lilinishika: kama hawakuwa na zipu, walifungaje?

Walifunga kwa vikulabu vidogo vya chuma, vilivyopangwa kwa safu na kufichwa chini ya mkunjo wa kitambaa. Nilivitia vyote kwa mkono, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma na kushona usiku, watoto wakilala. Nilijifunza kwamba ukitaka gauni la 1901 likae vizuri, huanzi na gauni. Unaanza na shimizi la pamba, kisha koseti, ile nguo ya fito inayobana kiuno, kisha petikoti, na sketi pamoja na bodisi, yaani sehemu ya juu ya gauni, yenye bitana, huja mwisho. Bila hizo za ndani, ile ya nje hulegea kama nguo iliyoanikwa. Fito za koseti, ambazo zamani zilitoka kinywani mwa nyangumi na baadaye zikawa za chuma, mwanzoni nilizitengeneza kwa vile vibano virefu vya plastiki ambavyo mafundi wa umeme hufungia nyaya. Wauzaji wa vitambaa huniita mama wa kiberiti, kwa sababu kabla ya kununua huomba uzi mmoja nikauchoma: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, sufu hunuka kama nywele, na poliesta huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Sasa nina mavazi matano katika sanduku la bati chini ya kitanda. Liko hilo la 1901, ambalo lilinichukua miezi minne na vitambaa vya shilingi 9,500. Liko jingine lenye mikono iliyofura mabegani, ya mtindo wa mwaka wa 1895 hivi. Liko la miaka ya 1860, lenye sketi inayoshikiliwa na pete ndani; pete nimezitengeneza kwa mpira mwembamba wa kumwagilia maji shambani, na kwa kuwa hazipiti mlangoni, mtoto wangu wa mwisho amezigeuza kuwa hema. La nne ni gauni jeupe la kawaida, nililolinakili kutoka katika picha ya nyanya yangu siku ya ubatizo wake miaka ya 1940. La tano, la sufu, bado sijalimaliza. Sijawahi kuyavaa nje ya nyumba. Mara moja nilimshonea mfanyakazi mwenzangu blauzi ya zamani kwa malipo, na katika majuma matatu ya kazi ile sikufurahi hata usiku mmoja, kwa maana kila nilipopiga bandi nilimwona akinihesabia siku.

Mume wangu alikuwa dereva wa kampuni hadi mwaka jana kazi ilipoisha. Sasa anafuga kuku. Majuma mawili yaliyopita alirudi nyumbani na risiti: amelipa amana ya shilingi 12,000 kwa kibanda karibu na soko, mwenye kibanda anasubiri kodi ya kwanza mwisho wa mwezi, na tayari amezungumza na mwalimu mkuu mmoja kuhusu sare za shule. Alitabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi. Nilikwenda jikoni nikalia, naye akadhani ni furaha. Shangazi, mama yangu ameshona sare pale Luanda, mji wa huku magharibi mwa Kenya, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila Januari nyumba yetu iligeuka ghala la kitambaa cha buluu na kaki, tulilala juu ya sketi, tukala pini zikiwa mezani, na mama hakutuangalia usoni hadi shule zilipofunguliwa. Cherehani yangu ya miguu ni ile ile yake. Sitaki kurudi huko.

Wifi yangu naye aliziona picha katika simu yangu tulipokutana nyumbani kwa wakwe, akauliza mbele ya watu wote kwa nini mke wa kaka yake anashona nguo za wakoloni. Walicheka. Mume wangu hakusema neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba hathamini ninachokifanya. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Usiku mmoja umeme ulipotea nikiwa natia mkono wa gauni, akaamka akanishikia tochi ya simu karibu nusu saa, hadi nikamaliza. Lakini hajawahi kuniuliza ninashona nini.

Lililobaki ni la aibu. Mwezi wa tatu nilipata zamu yangu katika chama chetu cha kuchangiana fedha, shilingi 30,000, ambazo tulikuwa tumekubaliana ziwe karo. Nilichukua 22,000 nikanunua sufu halisi kutoka Nairobi na fito za chuma zilizoagizwa kutoka Uingereza. Karo nililipa kwa mkopo wa simu na kwa mshahara niliouomba mapema. Deni lililobaki ni 9,000, na mume wangu hajui lolote.

Je, nikikatae kibanda? Niache kushona kabisa? Au nikae kimya hadi deni liishe?

Mshonaji wa Usiku, Kisumu


Jibu la Shangazi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya kwanza, nilipofika mahali pa pete zilizogeuzwa hema, nilicheka peke yangu. Kicheko hicho si cha wifi yako. Nilicheka kwa sababu nilimwona mtoto aliyeketi ndani ya sketi ya miaka ya 1860 bila kujua kwamba ameketi ndani ya historia, na nikamwona mama yake akimtazama bila kumfukuza.

Unaniuliza maswali matatu, lakini nikiyatazama kwa makini naona umeyashona pamoja mambo ambayo hayakutoka katika kitambaa kimoja. Kuna kibanda, ambacho ni suala la kazi na riziki ya nyumba. Kuna fedha za karo, ambazo ni suala la uaminifu kati yako na mwenzako. Kuna maneno ya wifi, na kuna hamu yako ya kushona, ambayo haijamkosea mtu. Kwa sababu umeyabeba yote usiku, peke yako, yameungana, na sasa kila unapokiwaza kibanda unasikia sauti ya deni. Sina hakika kwamba ungelia jikoni namna ile kama mezani pangekuwa na risiti tu, bila siri ya mwezi wa tatu nyuma yake. Huenda ninakosea. Wewe ndiwe utakayejua.

Niruhusu nilirudie neno ulilolitumia, kwamba mume wako hathamini ushonaji wako. Ulilithibitisha kwa kimya chake siku ile ya wifi, na kimya hicho kweli kinauma. Mume anayemsikia mkewe akichekwa na kutazama sahani yake anapaswa kuulizwa. Lakini katika aya hiyo hiyo umeandika habari ya tochi, ukaipita haraka kama mtu anayevuka barabara. Mimi nimekaa hapo. Kutia mkono wa gauni la kale ni kazi ya kurudiwarudiwa: kitambaa cha begani hukusanywa marinda madogo madogo, hupigwa bandi, hugeuzwa, hufumuliwa tena. Mtu aliyesimama nusu saa katika giza, mkono ukimuuma, akimulika kitu asichokijua jina, hakuwa akikidharau. Pengine alikuwa akisubiri aambiwe. Unasema hajawahi kukuuliza unashona nini; nami ninakuuliza, je, umewahi kulivuta sanduku lile kutoka chini ya kitanda, mchana, ukamfungulia? Kwa jinsi ulivyoeleza, yeye huona vipande tu: mkono leo, kola kesho, rundo la uzi asubuhi. Inawezekana kwamba hajawahi kuliona gauni zima hata moja likisimama.

Kisha liko jambo ambalo hukuliandika. Mume wako hana mshahara tangu mwaka jana, ana kuku, na ametoa shilingi 12,000. Hukusema alizitoa wapi, na sidhani umemuuliza. Aliuza kuku? Alikopa kwa ndugu? Yawezekana kwamba ninyi wawili mna deni la siri kila mmoja, mmeketi meza moja mkila ugali mmoja. Sisemi hivyo ili kukupunguzia lako. Nasema kwa sababu jibu la swali hilo litabadilisha namna utakavyozungumza juu ya kibanda. Kumwambia mtu kwamba zawadi yake haikufai ni jambo moja. Kumwambia hivyo huku hujui alijinyima nini ili ailete ni jambo jingine.

Sasa tukitazame kibanda chenyewe kwa hesabu, kwa maana nadhani mume wako ameona kipaji akadhani ameona biashara, na hivyo ni vitu viwili. Gauni la 1901 lilikuchukua miezi minne. Tuseme ulishona saa mbili kila usiku, siku nne kwa juma. Kwa majuma 16 hizo ni saa 128. Fundi akijilipa shilingi 100 tu kwa saa, ujira wake ni 12,800, na ukiongeza vitambaa vya 9,500 unafika 22,300 kabla hujahesabu kodi wala faida. Ni nani katika soko la Kisumu atakayetoa fedha hizo kwa gauni asiloweza kulivaa kanisani bila watu kugeuka? Mume wako hajaiona hesabu hii kwa sababu hujamwonyesha. Akiiona, atajua mwenyewe kwamba magauni haya si bidhaa ya kibandani, na pengine hilo litakuondolea nusu ya vita unavyovihofia.

Sare ni hesabu nyingine, na hapo lazima nimtendee haki. Fundi wa sare huweka tabaka kadhaa za kitambaa, hukata kwa mstari mmoja wa chaki, hushona vipande vinavyofanana mfululizo, na Januari huuza vyote. Kwa nyumba iliyopoteza mshahara mmoja, wazo hilo si la kipuuzi. Lakini wazo zuri la biashara linahitaji mtu wa kulitenda, na mtu aliyetajwa ni wewe, ambaye una kazi ya mchana, watoto watatu, na kumbukumbu ya kulala juu ya sketi za buluu. Aya yako juu ya Januari za Luanda ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Umeniandikia mimi, mgeni, kwamba mama yako hakuwaangalia usoni hadi shule zilipofunguliwa. Je, baba wa watoto wako amewahi kuisikia habari hiyo? Bila kuijua, atakaposikia kwamba hutaki sare atasikia kwamba hutaki kusaidia. Akiijua, huenda akaelewa kwamba unawaogopea watoto wake mwenyewe.

Nakuomba pia uipime hofu hiyo kidogo, kwa upole. Mama yako alishona sare kwa sababu gani, na alilipa nini kwa fedha zile? Kuna uwezekano kwamba karo yako mwenyewe ilitoka katika kitambaa hicho hicho cha buluu unachokichukia. Hilo halikulazimishi kurudi huko, lakini kama angali na nguvu, safari ya Luanda siku ya Jumamosi na saa moja ya kuketi naye kando ya meza ya kukatia inaweza kukupa maneno ambayo mimi siwezi kukupa. Mwulize kama alikuwa na kitu chochote alichokishona bila kulipwa. Mafundi wengi wanacho.

Kuhusu njia zilizopo, sioni kwamba uko kati ya kukubali na kukataa peke yake. Unaweza kukikataa kibanda mara moja. Faida yake ni uwazi, na hatari yake ni kwamba amana ikiwa hairudi, shilingi 12,000 zitapotea na neno hilo litakaa nyumbani kwenu muda mrefu. Unaweza kukubali ili kumridhisha, ukaenda jioni na Jumamosi, lakini barua yako inaonyesha wazi yaliyokupata kwa blauzi moja tu, na kibanda ni blauzi mia. Wako wanaogawana: kibanda kinabaki, anaajiriwa fundi kijana anayelipwa kwa kipande, mume wako ndiye anayesimamia, kununua vitambaa na kufuata malipo ya shule, na wewe unatoa jicho lako kwenye ukataji mara moja kwa juma. Njia hiyo inampa yeye kazi, jambo ambalo labda ndilo analolitafuta bila kulitaja. Hatari yake ni kwamba fundi akikosa kuja, macho yote yatakugeukia wewe, kwa hiyo mpaka ungelazimika kuwekwa mapema na kuheshimiwa. Tena kibanda kilicho karibu na soko kinaweza kuuza mayai. Sijui kama hilo mmelifikiria.

Iko njia nyingine inayoyahusu mavazi yenyewe, nayo ni kuyakodisha badala ya kuyauza. Shule hutafuta mavazi kila msimu wa michezo ya kuigiza katika muhula wa kwanza, kama ulivyotafuta wewe. Wapiga picha wa harusi hutafuta pia. Wako wanaowapeleka maharusi hadi kasri la Lord Egerton upande wa Njoro, ingawa kwa kuwa kasri hilo lilijengwa kati ya 1938 na 1954, gauni lako la 1901 lingekuwa la zamani kuliko kuta zake, na najua jambo kama hilo lingekunyima usingizi. Uzuri wa kukodisha ni kwamba unashona unachotaka, kwa mwendo wako, na vazi linarudi sandukuni. Ubaya wake unaujua: pindo litakanyagwa, vikulabu vitang'oka, na jasho la mtu mwingine litaingia. Kwa hilo la jasho, wazee wa mitindo hiyo walikuwa na dawa ambayo tayari umeishona. Shimizi la pamba lilivaliwa karibu na ngozi ili lichafuke lenyewe na kufuliwa, huku bodisi ikibaki safi. Ungehitaji mashimizi kadhaa ya akiba, amana ya mkodishaji kabla nguo haijatoka, na moyo wa kuona kitu chako kikirudi na doa. Kama huna moyo huo, usijilazimishe. Koseti ya fito za Uingereza nisingemkodishia mtu yeyote.

Na unaweza pia kuamua kwamba mavazi haya hayataleta shilingi moja, milele. Watu hutumia fedha kwa mpira wa miguu, kwa nyimbo, kwa maua ya uani, wala hakuna anayewadai risiti ya faida. Nalitaja hili kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipojipa ruhusa hiyo. Ila mpenda mpira naye hawezi kununua tiketi kwa karo, na hapa ndipo tunapofika kwenye shilingi 22,000.

Sitakugombeza, umeandika neno aibu mwenyewe. Nitakuambia ninavyoliona. Ukinyamaza hadi deni liishe, inawezekana hatajua kamwe, na nyumba itabaki tulivu kwa nje. Lakini mikopo ya simu ina tabia ya kutuma ujumbe saa yoyote, na simu hulala mezani. Akiligundua mwenyewe, baada ya kukulipia kibanda, atakumbuka machozi ya jikoni na kuyasoma upya. Ukimwambia sasa, huenda akakasirika, huenda akasema kwamba kweli nguo za kale zimekula karo ya mtoto, na kwa siku kadhaa sanduku lile litakuwa adui nyumbani. Utakuwa na la kumjibu: karo ililipwa, deni ni 9,000, na una mpango wa kulimaliza kwa miezi mingapi. Wengine humwita mzee au msimamizi wao wa ndoa awepo wakati wa mazungumzo kama hayo. Kama mume wako ni mtu wa hasira za mikono, ambazo hukuzitaja, fanya hivyo bila kusita na uniandikie tena. Kama si hivyo, mtu wa tatu anaweza kumfanya ahisi ameshtakiwa.

Lipo pia swali la kuiuza sufu yoyote iliyobaki ambayo hujaikata, ili kufidia deni. Nililiwaza, nikaliacha, kisha nikalirudia. Litakuuma, na pengine hutapata bei uliyonunulia. Lakini ukilitaja wewe mwenyewe mbele yake, hata akikukataza usiuze, atakuwa ameona ni kitu gani uko tayari kukiweka mezani.

Wifi yako nimemweka mwisho kwa sababu naye ana sehemu ya haki, hata kama alikosea mahali na namna ya kusema. Mavazi katika nchi hii hayakuja bila maumivu. Wale Waluo wa kwanza waliovaa vitambaa, wengi wao wakiwa wasomi wa misheni kama ile iliyoanzishwa Maseno mwaka wa 1906, waliitwa jonanga, watu wa nguo, na jina hilo liliwatenga na majirani zao. Mtu anayeliona gauni la mke wa mhandisi wa reli anaweza kukumbuka ni nani aliyelivaa na ni nani aliyelifua. Umewahi kujiuliza hilo unaposhona? Sidhani kwamba kulijua kungeharibu gauni. Kwa upande mwingine, leso anayojifunga wifi yako ilipata jina lake kutoka neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na gomesi linalovaliwa na wanawake wa Busia na ng'ambo ya mpaka lina jina la fundi Mgoa aliyefanya kazi Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Kitambaa cha marekani, ambacho misafara ya biashara ilikibeba hadi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, kinabeba jina la nchi ambako wengi wa waliokivaa hawakufika. Ukianza kuuliza nguo ni ya nani, huna budi kufumua nyingi.

Katika hayo matano, lile jeupe la nyanya yako ndilo ambalo ningemwonyesha wifi yako, mkiwa wawili tu, bila hadhira. Mwombe naye picha za bibi zake. Pale makumbusho ya Kisumu pana boma la Kiluo lililojengwa jinsi yalivyokuwa zamani, Ber-gi-dala, na mngeweza kwenda pamoja mkatazama yaliyovaliwa kabla ya vitambaa kufika. Asipotaka, basi, hukuolewa na yeye.

Mazungumzo na mume wako ndiyo ya kwanza, na ningependa uyaanze mchana, siku ambayo watoto wako nje, ukiwa umelitoa sanduku. Mvalishe binti yako lile la 1901, kama linamtosha, pamoja na vyote vya ndani, na mwache baba yake aone vikulabu vinavyofungwa kimoja kimoja. Kisha binti aondoke, nawe useme habari ya Luanda, na habari ya chama, kwa mpangilio utakaokuwa rahisi kwa ulimi wako. Lakini kabla ya hayo yote, leo au kesho, mwombe akuonyeshe ile risiti ya kibanda, uisome pande zote mbili, mjue kama amana inarudishwa na hadi tarehe gani, kwa sababu mwisho wa mwezi hautawasubiri mmalize kuzungumza.